Kulanti Inapovuja Angani: Mwongozo kwa Wajenzi na Marubani wa Ndege za Injini ya Rotari

Miongoni mwa hitilafu zinazoweza kuikuta ndege ndogo iliyojengwa nyumbani na kufungwa injini ya rotari, yaani injini inayotumia rota zinazozunguka badala ya pistoni, kupotea kwa kulanti, yaani maji ya kupozea injini, ndiko kunakostahili maandalizi ya mapema kuliko nyingi nyingine. Huanza na kitu kidogo, kama klipu iliyolegea, mpira uliosuguliwa na boneti au ufa mwembamba kwenye kiungo cha rejeta, na baada ya dakika chache rubani hubaki na injini isiyo na maji ya kuipoza. Habari njema ni kwamba injini ya rotari, kwa jinsi ilivyoumbwa, humpa rubani muda ambao injini nyingi za pistoni zinazopozwa kwa maji zisingempa. Habari ngumu ni kwamba muda huo hauna maana kwa rubani asiyejua kuwa maji yamekwisha, na geji ambayo wengi huitegemea, yaani ile ya joto la maji, ndiyo inayoweza kumdanganya vibaya zaidi katika saa hiyo.

Mwongozo huu unahusu hasa ndege zinazojengwa nchini Marekani katika daraja la majaribio, ambalo sheria yake humtaka mjenzi awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa ajili ya kujifunza au kujiburudisha. Huko ndiko wajenzi wengi walikochukua injini ya Mazda 13B, yenye rota mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 1,308, kutoka kwenye magari ya RX-7, na baadaye ile ya RX-8 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2012, wakaifunga giaboksi ya kupunguza mizunguko na kuiweka mbele ya ndege. Injini hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gari, kwa hiyo kila mjenzi hulazimika kubuni mwenyewe rejeta, mipira, matangi na njia za hewa za ndege yake, na hakuna ndege mbili zenye mfumo ule ule. Ndiyo maana nambari zitakazotajwa hapa ni za kuanzia tu. Nambari za ndege yako utazipata kwa kuipima ndege yako.

Kwa nini injini hii huvumilia

Katika injini nyingi za pistoni, pistoni ni ya alumini na hucheza ndani ya silinda ya chuma. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu kwa kiwango kile kile cha joto, kwa hiyo injini ikikosa kupozwa pistoni hujaa ndani ya silinda yake mpaka ikakwama. Katika 13B mambo ni kinyume. Rota iliyoko ndani ni ya chuma cha kusubu, na hausingi inayoizunguka ni ya alumini. Joto linapopanda, kile cha nje hutanuka kuliko cha ndani, na nafasi ya rota kuzunguka huongezeka badala ya kupungua.

Jambo la pili ni oili. Rota hazifikiwi na maji hata kidogo. Hupozwa kwa oili inayorushwa ndani yake kutoka kwenye shafti, na ndiyo sababu wajenzi huhesabu kwamba karibu theluthi moja ya joto linalopaswa kuondolewa na mifumo miwili ya kupoza hupitia kwenye kipoza oili. Maji yakiisha, theluthi hiyo bado ina pa kwenda. Haitoshi kuendesha injini kwa nguvu zote, lakini nguvu ikipunguzwa ipasavyo inaweza kutosha kuifikisha ndege kiwanjani.

Hata hivyo, kuvumilia si kupona. Hausingi za alumini zimebanwa katikati ya sahani za chuma kwa bolti ndefu za chuma zinazopita injini nzima, na kati ya sahani na hausingi kuna oringi za mpira zinazozuia maji yasiingie kwenye chumba cha mwako. Alumini ikipata joto kupita kiasi hutanuka dhidi ya bolti zisizotanuka kwa kiwango hicho, hulainika na kubonyea. Ikipoa hurudi ikiwa nyembamba kuliko ilivyokuwa, na oringi zilizokwisha kuungua hazibani tena. Springi ndogo zinazosukuma sili za ncha za rota nazo hupoteza ukakamavu wake, na mgandamizo hushuka. Injini iliyokauka angani, hata ikikufikisha salama, ichukuliwe kuwa ni injini ya kufunguliwa yote. Rubani anapaswa kulikubali hilo akiwa bado chini, kabla ya siku yenyewe, ili asije akapoteza sekunde hata moja kuihurumia injini badala ya kujiokoa yeye na abiria wake.

Presha ndiyo inayosema kwanza

Kihisi cha joto hupima kile kinachokigusa. Kikiwa ndani ya maji, hupima joto la maji. Maji yakishuka chini yake, hubaki kikipima hewa au mvuke, na mvuke hupeleka joto kwenye kihisi polepole mno kuliko maji. Matokeo yake ni kwamba sindano inaweza kupanda kidogo, ikasimama, kisha ikaanza kurudi chini, wakati hausingi karibu na plagi, sehemu yenye joto kali kuliko zote katika injini hii, inaendelea kuungua. Rubani aonaye joto likishuka bila kuwa amepunguza nguvu asifurahi. Adhani kwanza kwamba kihisi kimeachwa pakavu.

Geji ya presha ya kulanti haina udhaifu huo. Mfumo uliofungwa vizuri hujijengea presha kadiri maji yanavyopata joto na kutanuka, na mfuniko wa rejeta huizuia isipite kiwango chake, ambacho kwa kawaida ni karibu bar 1. Tundu likitokea mahali popote, presha huanza kushuka papo hapo, mara nyingi kabla joto halijabadilika hata nyuzi moja. Kwa maoni yangu hakuna chombo kingine cha gharama ndogo kama hiki kinachoongeza usalama wa ndege ya rotari kwa kiasi hiki, na mjenzi ambaye hajakifunga asianze majaribio ya kuruka mpaka akifunge.

Ili kuona jinsi muda ulivyo mfupi, fikiria tundu la kipenyo cha milimita 3, ukubwa wa kichwa cha kiberiti, katika mfumo wenye presha ya bar 1. Hesabu ya kawaida ya mtiririko huonyesha kwamba hapo hupita takriban lita tatu na nusu kwa dakika. Mifumo mingi ya ndege hizi haibebi hata lita 10. Presha hupungua kadiri maji yanavyotoka, na kasi ya kuvuja nayo hupungua, lakini hata hivyo tunazungumzia dakika chache tu tangu tundu litokee mpaka mzunguko wa maji ukatike. Ndege ndogo iliyozimika injini nayo hushuka futi 700 hadi 1,000 kwa dakika, kutegemea aina yake. Dakika mbili za onyo la mapema kwa hiyo ni sawa na kuongezewa futi 1,400 hadi 2,000 za mwinuko, na dakika hizo hutolewa na geji ya presha peke yake.

Mahali pa kufunga kihisi cha presha pana umuhimu wake. Kikifungwa upande ambao maji hutoka kwenye pampu, kitasoma presha ya mfumo pamoja na ile inayoongezwa na pampu, kwa hiyo kitapanda na kushuka pamoja na mizunguko ya injini na kitaonyesha pia pampu iliyokufa. Kikifungwa kwenye tangi la juu, kitasoma presha tulivu ya mfumo, ambayo ni rahisi zaidi kuwekea taa ya onyo. Mimi ningechagua tangi la juu, kisha ningeongeza swichi ya kiwango cha maji kwenye tangi hilo hilo ili vyombo viwili tofauti vishuhudie jambo moja.

Katika saa za kwanza za majaribio, ambazo kwa utaratibu uliozoeleka wa mamlaka ya anga ya Marekani ni 40 kwa injini na propela ambazo hazikuthibitishwa pamoja, andika presha na joto kwa jozi: maji yakiwa nyuzi joto 60 presha ilikuwa ngapi, yakiwa 80 ngapi, wakati wa kupanda ngapi, wakati wa kwenda sambamba ngapi. Baada ya safari kadhaa utakuwa na sura ya ndege yako ilivyo ikiwa nzima. Presha ikikaa sifuri hali maji yameshapata joto, mfuniko haubani au kuna mvujo tayari. Presha ikiruka juu mara tu injini inapowashwa, kabla maji hayajapata joto, gesi za mwako zinaingia kwenye maji kupitia oringi iliyokwisha kufa. Presha ikishuka ghafla joto likiwa palepale, una tundu. Na presha ikibaki imara huku joto likipanda, shida si maji kupotea bali ni pampu au njia ya hewa. Katika injini ambazo mkanda mmoja huzungusha pampu na alteneta, taa ya chaji ikiwaka wakati huo huo ujue mkanda umekatika. Taa ya onyo ya presha ipangwe kufuatana na kumbukumbu hizo, kwa namna kwamba iwake pale maji yanapokuwa yamepata joto na presha iko chini ya ile uliyozoea kuiona.

Mwinuko nao una neno lake. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini Nairobi huchemka karibu na nyuzi 94 au 95, na kwenye futi 10,000 karibu na 90. Mfuniko wa rejeta hushikilia tofauti kati ya presha ya ndani na ya nje, kwa hiyo ndege inapopanda, presha halisi ndani ya mfumo hupungua pamoja na hewa ya nje, na nafasi iliyopo kabla ya kuchemka hupungua pia. Mfumo uliopoteza presha kwa sababu ya tundu dogo unaweza kuanza kuchemka wote kwa mara moja, na hapo maji yatakayotoka kama mvuke yatakuwa mengi kuliko yale yanayotoka kwenye tundu lenyewe.

Maji hutokea wapi

Anzia kwenye mipira. Mpira wa rejeta haupaswi kamwe kuvalishwa juu ya bomba lililo laini tupu. Bomba la alumini lazima liwe na ukingo ulioinuliwa mwishoni, na klipu ikae nyuma ya ukingo huo, si juu yake, ili mpira ukisukumwa na presha ujibane wenyewe. Ukishika kiungo kilichofungwa vizuri na kuuzungusha mpira kwa nguvu ya mkono, hauchezi, na ukipitisha kidole chini ya ukingo wa mpira hukuti unyevu wala ule ukoko mweupe au wa kijani unaoachwa na kulanti iliyokauka. Ukoko huo ni ushahidi hata kama mfumo umejaa: mahali hapo panavuja kidogo injini ikiwa baridi na kuziba ikipata moto, na siku moja hapatajiziba. Mipira ya silikoni huvumilia joto vizuri, lakini hulegea chini ya klipu za skrubu kila injini inapopoa, kwa hiyo ifungwe klipu zenye springi zinazofuata mpira unavyopungua na kutanuka.

Bomba la ekzosi ni adui wa karibu. Gesi zinazotoka kwenye injini ya rotari zina joto kali kuliko za injini nyingi za pistoni, na huweza kufika nyuzi 900 na zaidi. Mpira uliopita sentimita chache kutoka kwenye bomba hilo huungua kwa mionzi hata kama haujaligusa. Weka ngao ya bati kati yao, iliyoachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili, na mpira wenyewe uvalishwe kitambaa cha kuzuia moto.

Rejeta hufa kwa mtikisiko. Wajenzi wengi wametumia vipoza vya mfumo wa kiyoyozi cha gari, vile vya alumini vyenye ukubwa mdogo na kina kirefu, wakaviunganishia mirija kwa kuchomelea. Vinafanya kazi vizuri, lakini mahali pa kuchomelea ndipo ufa huanzia, hasa kama mpira mzito uliojaa maji unaning'inia hapo bila kushikiliwa. Rejeta yoyote ikae juu ya raba, isifungwe kwa bolti moja kwa moja kwenye fremu, na kila mpira uwe na kishikio chake. Nimeona watu wakifunga rejeta mbili wakiamini kwamba moja ikipasuka nyingine itawafikisha. Haitawafikisha, kwa sababu maji ni yale yale, na tundu la rejeta moja litazikausha zote mbili.

Usisahau matundu ambayo gari liliyahitaji na ndege haiyahitaji. Injini ya Mazda huja na njia za kupeleka maji kwenye hita ya ndani ya gari na, kutegemea mfano, kwenye sehemu za mfumo wa kuingiza hewa au kwenye turbo. Wengi huziba njia hizo kwa kofia ndogo za mpira zinazouzwa kwa bei nafuu, na kofia hizo hupasuka baada ya joto la miezi michache. Ziba kwa plagi ya chuma yenye nyuzi au kwa kuchomelea. Ikiwa umeamua kubaki na hita kwenye chumba cha rubani, weka vali ya kuifunga upande wa injini wa ukuta wa moto, ule unaotenganisha injini na chumba cha rubani, yenye kidhibiti unachoweza kukifikia kwa mkono ukiwa umefunga mkanda, kwa sababu hita ikipasuka itakumwagia miguuni maji ya moto na kuufunika ukungu kioo chote.

Themostati ya injini hii, yaani vali inayofunguka maji yakipata joto, nayo ina siri yake. Inapofunguka huziba pia njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu bila kupitia rejeta. Anayeiondoa bila kuiziba njia hiyo huifanya sehemu ya maji izunguke bure, injini ipate joto wakati wa kungoja uwanjani, maji yachemke na kutoka kupitia mfuniko, na ndege iruke ikiwa na maji pungufu bila mtu kujua. Kwa sababu hiyo mpira wa kumwaga maji ya ziada uelekezwe kwenye chupa inayoonekana, na chupa hiyo iangaliwe kabla ya kila safari.

Kuhusu aina ya kulanti nitasema machache. Nusu maji na nusu glikoli, kemikali inayozuia maji yasigande, hutosha kwa wengi. Kulanti zisizo na maji huchemka kwa zaidi ya nyuzi 180 na hazihitaji presha, jambo linalopunguza kasi ya kuvuja, lakini hubeba joto kidogo kuliko maji, huweza kuwaka zikimwagikia ekzosi, na hukunyang'anya geji ya presha ambayo nimeieleza hapo juu. Mimi ningebaki na maji na glikoli.

Kupima ukiwa chini

Pampu ya mkono ya kupimia rejeta, ile iliyopo katika gereji nyingi, inafaa kabisa kwa kazi hii. Ifunge mahali pa mfuniko, pandisha presha mpaka kiwango cha mfuniko wako, na uiache kwa nusu saa; sindano isisogee. Kisha irudie injini ikiwa ya moto, kwa uangalifu, kwa sababu viungo vingine huvuja vikiwa na joto tu. Kipimo cha usiku kucha ni bora zaidi, kwani ndicho kinachofichua oringi za ndani. Asubuhi fungua plagi za chini za kila rota, zile zinazowaka kwanza, uzitazame. Plagi yenye unyevu wenye harufu tamu kidogo, au rota inayokataa kuwaka vizuri injini ikiwa baridi na kutoa moshi mweupe kisha ikatulia baada ya dakika moja, huonyesha kwamba maji yameingia kwenye chumba cha mwako wakati injini imelala. Ndege hiyo isiruke, hata kama baada ya kupata moto inanguruma kama kawaida.

Ukijaza maji, toa hewa kwenye kila sehemu ya juu ya mfumo. Mapovu yaliyobaki huishusha presha na kuiacha sehemu ya plagi bila maji ya kutosha, na tangi la juu lisilo mahali pa juu kabisa halitoi hewa yoyote.

Ikitokea angani

Dalili huja kwa mpangilio usiotabirika: taa ya presha, harufu tamu ndani ya chumba, ukungu au matone kwenye kioo cha mbele, mvuke mweupe kutoka kwenye boneti. Dalili mbili zikikutana, acha kuchunguza na uanze kutenda. Ikiwa bado uko kwenye njia ya kurukia na kuna nafasi ya kusimama, funga nguvu na usimame.

Ikiwa umekwisha kupaa na uko chini ya mwinuko wa kuzunguka uwanja, injini hiyo ndiyo inayokushikilia hewani na inapaswa kutumiwa kadiri inavyohitajika. Usipunguze nguvu kwa kuihurumia ukiwa futi 400 juu ya nyumba za watu. Shusha pua kidogo kupata kasi ya usalama, panda kwa kiasi tu kinachohitajika kukamilisha mzunguko mfupi, na utue. Kugeuka nyuma ghafla kuelekea njia uliyotoka bila mwinuko wa kutosha kumeua watu wengi kuliko kutua mbele moja kwa moja kwenye uwanja wa wazi, na hilo halibadiliki kwa sababu tu injini yako bado inazunguka.

Ukiwa juu una chaguo zaidi. Geuza ndege mara moja kuelekea mahali pa karibu zaidi pa kutua, na ufanye uamuzi kwa swali moja: je, hapo napafikia hata injini ikizimika sasa hivi? Kama jibu ni ndiyo, punguza nguvu mpaka kiwango cha chini, shuka, lakini iache injini ikizunguka. Kama jibu ni hapana, usipande, kwa sababu kupanda kunagharimu joto jingi kwa mwendo mdogo. Shikilia mwinuko ulio nao kwa nguvu ndogo kabisa inayoweza kuubeba, mpaka uwanja uingie ndani ya umbali wa kuteleza bila injini, ndipo upunguze. Ukifika juu ya uwanja ukiwa bado na mwinuko, shuka kwa kuzunguka juu yake badala ya kwenda mbali kutafuta njia ndefu ya kuingilia.

Wakati huo huo fungua milango yote ya hewa ya boneti na ya kipoza oili, na kama mfumo wako wa mafuta unaruhusu, zidisha mafuta kwenye mchanganyiko, kwani mafuta ya ziada hupunguza joto la mwako. Weka kasi inayopitisha hewa nyingi kwenye kipoza oili bila kuhitaji nguvu kubwa. Geji ya kufuata sasa ni ya joto la oili, kwa kuwa oili ndiyo iliyobaki kuipoza injini. Itapita kiwango ambacho kwa siku za kawaida usingekiruhusu, nacho kikipita endelea kuruka.

Usiizime injini kwa nia ya kuipumzisha na kuiwasha tena baadaye. Joto lililobaki kwenye hausingi huendelea kuenea baada ya kuzimwa, mzunguko wa oili unakuwa umesimama, sili na springi zake zinaungua pasipo kitu cha kuzipoza, na injini iliyopoteza mgandamizo inaweza isikubali kuwaka. Sababu halali ya kuizima ni moto, au kuwa na uhakika wa kutua bila kuihitaji. Tofautisha moto na mvuke: mvuke wa kulanti ni mweupe, huyeyuka hewani haraka na hunuka utamu; lakini moshi mweusi au wa kijivu unaoendelea, na harufu ya mpira au mafuta, unakuambia funga mafuta, zima umeme usiohitajika na ushuke haraka. Glikoli iliyokauka juu ya ekzosi inaweza kuwaka, kwa hiyo hali ya kwanza inaweza kugeuka kuwa ya pili.

Kioo kikifunikwa na ukungu, funga hita, fungua hewa ya nje, na ikibidi iendeshe ndege kwa upande kidogo katika mkondo wa mwisho ili uione njia kupitia dirisha la pembeni. Tangaza hatari mapema kwenye redio, kwenye masafa unayotumia au yale ya dharura, 121.5, na weka namba ya dharura 7700 kwenye transponda, chombo kinachoitambulisha ndege kwenye rada. Waambie unaelekea wapi na kwamba injini inaweza kuzimika. Wasiliana baada ya ndege kuwa imeelekezwa na kutulia, si kabla.

Ukishatua

Toka njiani ikiwezekana, zima injini, toka ndani ya ndege pamoja na abiria na usimame upande unakotoka upepo kwa dakika kadhaa. Mfuniko wa rejeta usiguswe mpaka injini ipoe kabisa. Mfumo unaoonekana mkavu unaweza kuwa bado na mvuke wenye presha unaochoma uso na mikono. Usimwagie maji baridi kwenye injini ya moto, na usijaze maji ili ujaribu kuondoka nayo hata kwa safari ya kurudi nyumbani. Kulanti iliyomwagika chini isafishwe, kwa sababu glikoli ya ethilini ni sumu na ladha yake huwavutia mbwa na hata watoto.

Kisha tafuta tundu kabla hujafungua kitu kingine chochote. Pandisha presha kwa pampu ya mkono na ufuate maji mpaka yanapotoka, piga picha, andika namba ya kifaa na saa zilizokuwa zimefikiwa. Hapo ndipo injini ishushwe: pima unene wa hausingi za alumini ukilinganisha na vipimo vya mtengenezaji, kagua unyoofu wa sahani za pembeni, badilisha oringi zote, sili na springi zake zote, na usiifunge tena kwa vifaa vya zamani kwa sababu vinaonekana vizuri. Mpira, klipu au kiungo kilichosababisha yote kisirudishwe kwa umbo lile lile. Kilichovunjika kwa mtikisiko kinahitaji kishikio kipya, na kilichoungua kinahitaji njia nyingine mbali na ekzosi.